Mirabaha ya utunzi iliyokwama Marekani: mwongozo kamili kwa watunzi na wachapishaji wa Unguja na Pemba

Wimbo wako ukisikilizwa Marekani kupitia Spotify, Apple Music au Amazon Music, unazaa pesa za aina mbili. Ya kwanza ni ya rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studio. Hiyo inapita kwa msambazaji uliyempa wimbo auweke mtandaoni, na ndiyo unayoiona kwenye akaunti yako. Ya pili ni ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, awe ameuimba nani. Hii haipiti kwa msambazaji. Inapelekwa kwa taasisi nyingine kabisa, na kama taasisi hiyo haimjui aliyetunga, pesa inabaki pale.

Watunzi wengi wa visiwani wameshaigusa pesa ya kwanza tu. Ya pili hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Nauandika mwongozo huu kwa ajili yao: mshairi wa taarab aliyetoa shairi lake akalisikia redioni miaka nenda miaka rudi, kijana wa Zenji Flava anayepakia nyimbo kwa simu, kiongozi wa kikundi mwenye sanduku la kanda za zamani, na mwenye studio anayetaka kuwa mchapishaji wa kweli, yaani msimamizi wa haki za watunzi kwa mkataba.

Pesa iko wapi

Taasisi yenyewe inaitwa Mechanical Licensing Collective, kwa kifupi MLC, na makao yake ni Nashville. Iliundwa kwa sheria ya Marekani iliyosainiwa Oktoba 2018, Music Modernization Act, na ikaanza kazi rasmi tarehe 1 Januari 2021. Kabla ya hapo kila jukwaa la kusikilizia muziki, kama hiyo Spotify, lilijitafutia watunzi lenyewe, na pale liliposhindwa kuwapata pesa zikabaki kwake. Februari 2021 majukwaa 20 yalikabidhi MLC zaidi ya dola milioni 424 za miaka ya nyuma, zote za nyimbo ambazo wenyewe hawakujulikana. Tangu hapo zinaendelea kuingia nyingine kila mwezi, na kila mwezi kuna nyimbo ambazo hazikupata mwenyewe.

Kukwama kwenyewe ni kwa namna mbili, na ni vizuri kuzitenganisha mapema kwa sababu dawa zake ni tofauti. Namna ya kwanza, rekodi imesikilizwa lakini mfumo haukuweza kuioanisha na utunzi wowote ulioandikishwa. Namna ya pili, utunzi umepatikana, lakini sehemu yake fulani haijadaiwa na mtu. Mathalani aliyetia muziki ameandikisha nusu yake, na nusu ya mshairi iko wazi.

Sheria inataka pesa hizi zishikiliwe kwa muda usiopungua miaka 3, huku zikiongezwa riba. Muda huo ukipita zinaweza kugawiwa wamiliki wanaojulikana, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wake sokoni. Kwa maneno mengine, jasho la mshairi wa Wete linaweza kuishia kwa kampuni kubwa ambayo haijapata hata kulisikia shairi lake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jambo hili lisiwekwe kiporo.

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta

Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia tovuti. Mimi nasema anzeni kwenye mkeka, na watu wote waliohusika na wimbo wawepo. Mfumo wa Nashville utakuuliza swali moja ambalo visiwani kwetu ni gumu kuliko linavyoonekana: nani katunga, na kwa asilimia ngapi?

Tazama taarab. Shairi lina mtu wake. Muziki umetiwa na mtu mwengine. Anayeimba ni wa tatu. Na kinachoandikwa kwenye kanda ni jina la kikundi au la mwimbaji. Tangu santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, wimbo kwetu hujulikana kwa jina la aliyeuimba. Vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vina hazina za nyimbo ambazo watunzi wake wanajulikana kwa kuambizana tu. Isitoshe, washairi wetu wengi walipenda kujificha. Shairi la fumbo linalomlenga mtu mtaani halitiwi saini. Ilikuwa busara kwa wakati wake, lakini kwa hakimiliki jina lisiloandikwa halilipwi.

Basi kaeni na wazee wangali hai. Pitieni wimbo mmoja mmoja, na kwa kila wimbo andikeni karatasi ya mgawanyo yenye jina la wimbo na majina yake mengine, jina kamili la kila mtunzi, alichotunga, asilimia yake, tarehe na saini. Asilimia zijumlishwe zifike 100 kamili, zisipungue wala zisizidi. Kama hapakuwa na makubaliano ya zamani, maoni yangu ni kugawa nusu kwa maneno na nusu kwa muziki. Ni mgawanyo ambao wengi huona una haki, na unazuia mabishano ya kupima mstari kwa mstari.

Mwimbaji hawi mtunzi kwa sababu ameimba. Haki yake iko kwenye rekodi, na ni haki ya kweli, lakini si hii tunayoizungumza. Vivyo hivyo aliyepiga kanuni, udi au fidla kwa muziki aliopewa. Aliyebuni utangulizi mpya wa ala unaotambulika peke yake, huyo mna sababu ya kumpa sehemu. Kwenye Zenji Flava swali huwa ni la mtayarishaji aliyetengeneza biti. Kama biti ni yake na imebeba wimbo, ana sehemu ya utunzi, isipokuwa mlikubaliana kwa maandishi kwamba amelipwa akamaliza. Mambo haya yamalizwe siku ya kurekodi, kabla wimbo haujapendwa. Ukishapendwa, kila mtu anakumbuka kuwa aliuchangia.

Nyimbo za ngoma, kama msewe na kibati za Pemba, zina hukumu yake. Maneno yaliyorithiwa na jamii si yako hata ukiwa wa kwanza kuyapakia mtandaoni. Unachoweza kudai ni ulichoongeza, yaani beti mpya au mpangilio mpya wa muziki, na uandike hivyo waziwazi.

Kama mtunzi ameshafariki, haki haikufa naye. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyotungwa kuanzia 1978 inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Warithi wanaweza kudai, lakini lazima mmoja awe na karatasi za kumwonesha kuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Kwa Zanzibar pa kuanzia ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Familia ikubaliane nani atasimama kwa niaba ya wote, na makubaliano ya kugawana yaandikwe pembeni. Watoto watano wakijiandikisha kila mmoja kivyake kwa wimbo ule ule, hakuna atakayelipwa.

Jina moja, tahajia moja

Fomu za Kizungu zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotelea. Leo umeandikwa Khamis, kesho Hamis. Fatma huku, Fatuma kule. Abdalla, Abdallah, Abdulla. Kwenye albamu moja kuna jina la babu, kwenye nyingine halipo, kwenye ya tatu kuna jina la utani peke yake. Binadamu wa Mji Mkongwe anajua wote ni wewe. Kompyuta inaona watu watano.

Chagua tahajia moja iliyo sawa na pasipoti, kitambulisho na akaunti ya benki, uitumie kila mahali kuanzia leo. La babu liweke penye jina la ukoo kila mara. Jina la sanaa lisajiliwe kama jina la ziada chini ya jina halisi, lisichukue nafasi yake.

Kuna namba inayomaliza utata huu, inaitwa IPI. Inamtambulisha mtunzi au mchapishaji duniani kote hata kama wanaofanana jina ni mia, na hupatikana kupitia chama cha hakimiliki. Kwa Zanzibar chama chetu ni COSOZA, kilichoundwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar Namba 14 ya 2003. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hiyo COSOTA ya Bara ina sheria yake na COSOZA ina yake. Kajiandikishe, peleka orodha ya nyimbo pamoja na zile karatasi za mgawanyo, na uulizie IPI yako. Uliza pia swali hili kabla hujaondoka: je, katika fomu niliyosaini, nimekikabidhi chama haki za nakala, yaani zile zinazozaa pesa hii ya utunzi inayopita MLC, kwa nchi za nje pia? Jibu utalihitaji mbele. Na uelewe kwamba kuandikisha wimbo COSOZA hakuupeleki wimbo huo MLC. Ni ofisi mbili, unaandikisha mara mbili.

Kusanya namba za rekodi

Kila rekodi iliyoko mtandaoni ina ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12. Ni ya rekodi, si ya utunzi. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC, inayoanza na herufi T. Wimbo mmoja unaweza kuwa na ISRC nyingi: ya studio, ya onyesho la moja kwa moja, ya rimiksi, na nyingine iliyozaliwa ulipohama msambazaji ukaupakia upya. Zote zinahitajika, kwa sababu kila moja inaweza kuwa na pesa zake zilizokwama.

Zako utazikuta kwenye akaunti ya msambazaji. Kama aliyepakia ni studio au rafiki, mwombe orodha, ni haki yako kuijua. Kisha tafuta kwenye tovuti ya kutafutia ISRC ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, na hapa usitafute jina lako peke yake. Tafuta jina la wimbo. Nyimbo za taarab huimbwa upya na vikundi vingine, hurekodiwa na wageni, huingizwa kwenye mikusanyiko inayotolewa Ulaya. Pesa ya utunzi inatoka kwa kila rekodi ya wimbo wako, hata ile ambayo hukushiriki na wala hukuwa na habari nayo. Kwa mshairi ambaye hajawahi kushika maikrofoni, huenda hapa ndipo penye fungu lake lote.

Tafuta kwa tahajia zote unazoweza kufikiri. Lebo ya kigeni inaweza kuwa imeunganisha maneno mawili, imetenganisha neno moja, au imeandika jina kwa kufuata masikio ya mtu asiyejua Kiswahili. Kila unachokipata kiandike kwenye jedwali: jina la wimbo, msanii, ISRC, lebo.

Chungulia kabla ya kujiunga

Tovuti ya MLC, themlc.com, ina sehemu ya kutafuta nyimbo iliyo wazi kwa kila mtu. Huhitaji akaunti. Andika jina la wimbo au la mtunzi. Ukikuta wimbo wako, tazama nani ameandikwa mtunzi, nani mchapishaji, na asilimia ngapi zimeshadaiwa. Piga picha ya skrini, uihifadhi pamoja na tarehe. Usipoukuta kabisa, habari yake ni kwamba utunzi haujaandikishwa, na kama rekodi zake zinasikilizwa Marekani, mirabaha yake inaingia kwenye kapu la zisizooanishwa.

Ukikuta jina la mtu usiyemjua, usikasirike haraka. Mara nyingine ni kampuni inayomsimamia mwenzako uliyetunga naye. Waulize wenzako kwanza.

Kujiunga

Uanachama ni bure, na MLC haikati asilimia kwenye mirabaha yako. Gharama zake za uendeshaji hulipwa na majukwaa yenyewe, hivyo ndivyo sheria ilivyopanga. Mtu yeyote anayekwambia umpe pesa ya kiingilio cha MLC anakuibia. Usimpe neno la siri, usimpe picha ya kitambulisho.

Swali la kwanza kwenye usajili ni kama unajisimamia mwenyewe. Kama hukusaini na mchapishaji yeyote wala msimamizi wa mirabaha, unajisimamia, na wewe ndiye unayejiunga. Kama umesaini, yeye ndiye anayedai, na kazi yako ni kumbana akuoneshe kuwa nyimbo zako ameziandikisha. Angalia pia mkataba wa msambazaji wako. Baadhi ya wasambazaji huuza huduma ya ziada ya kukusanya mirabaha ya utunzi, na kuna watu walibonyeza kukubali bila kusoma. Ukidai wewe na wao wakidai, mtagongana.

Kisha inakuja fomu ya kodi ya Marekani. Mtu binafsi asiye Mmarekani anajaza W-8BEN, kampuni inajaza W-8BEN-E. Weka TIN yako ya TRA. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mirabaha inayotoka huko inakatwa asilimia 30 kabla haijakufikia. Inauma, lakini ijue mapema usije ukadhani umeibiwa. W-8BEN uliyosaini mwaka huu inakwisha nguvu mwisho wa mwaka wa tatu unaofuata, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kuijaza tena.

Upande wa benki, jina la akaunti lifanane na jina la usajili herufi kwa herufi. Uliza benki yako namba yake ya SWIFT na makato ya kupokea dola kutoka nje. Kwenye mipangilio ya malipo soma kiwango cha chini cha kila njia, maana pesa yako itasubiri mpaka ifikie kiwango hicho.

Kuandikisha, kuoanisha, kudai

Hizi ni kazi tatu tofauti, na wengi hufanya ya kwanza wakadhani wamemaliza.

Kuandikisha ni kuuingiza utunzi wenyewe: jina, majina mbadala, watunzi, IPI zao, asilimia. Andika sehemu yako tu, au sehemu uliyopewa idhini ya kuisimamia. Weka na ISRC zote ulizokusanya. Penye majina mbadala usione uvivu, tia tahajia zote ulizozikuta, hata zile mbovu, kwa sababu mbovu ndiyo iliyoko kwenye rekodi. Mwenye nyimbo chache ataziingiza moja moja. Mwenye mamia atumie faili la jedwali wanalolitoa kwenye tovuti, na alijaribu kwanza kwa nyimbo tano.

Kuoanisha ni kutafuta rekodi ambazo hazijaunganishwa na utunzi wowote, kisha kupendekeza kuwa hii ni ya wimbo wako ulioandikishwa. Ndani ya akaunti kuna chombo cha kazi hiyo. Utatafuta kwa jina la wimbo, msanii au ISRC, utasikiliza kama inawezekana, utatuma pendekezo, na wafanyakazi wa MLC watalipitia. Lile jedwali lako ndipo linapolipa. Usioanishe kwa jina peke yake. Kiswahili kina nyimbo nyingi zenye jina moja, na rekodi ya wimbo wa kaswida inaweza kufanana jina na wimbo wako wa mapenzi.

Kudai ni pale wimbo tayari umo, lakini asilimia zilizodaiwa hazijafika 100 na sehemu iliyobaki ni yako. Chombo chake ni kingine, nacho kinakuruhusu kuongeza sehemu yako kwenye wimbo uliokwishaandikishwa na mwenzako. Usiuandikishe upya. Nakala mbili za wimbo mmoja zinaleta mkanganyiko utakaochukua muda kuusafisha.

Madai yakizidi asilimia 100, sehemu inayogombaniwa inazuiwa mpaka wahusika wakubaliane. MLC haitahukumu nani alitunga. Rudini kwenye mkeka na karatasi ya mgawanyo, na ikishindikana nendeni COSOZA mkiwa na kumbukumbu zenu: madaftari, kanda zenye tarehe, picha za skrini.

Kwa wachapishaji na wenye studio

Kumrekodi mtu hakukufanyi mchapishaji wake. Unakuwa mchapishaji kwa mkataba wa maandishi unaosema nyimbo zipi, nchi zipi, muda gani, na mtunzi anapata kiasi gani. Mkataba uwe wa Kiswahili, asomewe asiyesoma vizuri, na nakala abaki nayo. Ukisimamia sehemu ya mshairi tu, dai sehemu ya mshairi tu. Tumeshaona mtu akidai wimbo mzima kwa kuwa kanda ilikuwa kwake, na matokeo yake hakuna aliyepata hata senti. Mtunzi apewe taarifa ya malipo kila pesa inapoingia, na iandikwe wimbo upi umeingiza nini.

Subira, na mengine yaliyobaki

MLC hulipa kila mwezi, takriban siku 75 baada ya mwezi wa usikilizaji kwisha. Pesa za nyuma zinakuja kidogo kidogo kadiri rekodi zinavyooanishwa, kwa hiyo soma taarifa zako hata miezi ambayo jumla ni ndogo. Na ndogo itakuwa kwa wengi, kwa sababu strimu moja inalipa sehemu ya senti. Lakini mtunzi mwenye nyimbo arobaini zinazoimbwa na vikundi vitatu hana sababu ya kuiacha.

MLC inahusika na Marekani peke yake, na kwa pesa ya nakala tu. Redio za mtandaoni za Marekani, kama za Pandora, na redio ya satelaiti hulipia rekodi kupitia taasisi nyingine ya huko, SoundExchange, ambako kujiandikisha pia ni bure. Huko mwimbaji ndipo penye haki yake: asilimia 45 inakwenda kwa msanii mkuu na 50 kwa mwenye rekodi. Video za kawaida za YouTube zina mfumo wao. Kwa strimu za nchi za Afrika, CAPASSO ya Afrika Kusini inatoa leseni za nakala kwa nchi nyingi za bara hili, na jibu ulilopewa COSOZA kuhusu haki ulizokabidhi ndilo litakalokuongoza kama udai mwenyewe au kupitia chama.

Wimbo mpya uandikishe wiki ile ile unapoupeleka kwa msambazaji, mara tu ISRC inapotoka. Nyimbo za zamani zitafutie tena rekodi mpya kila baada ya miezi mitatu, kwa tahajia zote zilizomo kwenye jedwali lako.